Barua kwa mwanangu: kuhusu hizo hisa za Tesla

Mombasa, 16 Novemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila nyanya yako magoti yanamsumbua tangu vuli ianze, na yule paka wako amezaa tena chini ya kitanda chako.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza hivi: kwa kuwa tarehe 6 mwezi huu wanahisa wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla wamempitishia mkurugenzi wao, Elon Musk, ule ujira wa dola trilioni 1, na kwa kuwa sasa haondoki, je, si wakati mzuri wa kuzitia zile dola zako 8,000 kwenye hisa za kampuni hiyo? Ukamalizia kwamba wenzako wote kazini hapo Austin, Marekani, wameshanunua. Hilo la "wenzangu wote" ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Tuanze na hilo neno "haondoki". Hizo trilioni si mshahara wa kwenda benki mwisho wa mwezi. Ni hisa, zimegawanywa mafungu 12, na kila fungu lina masharti yake. Ili azipate zote, thamani ya kampuni sokoni ifike dola trilioni 8.5, nayo leo haijafika hata trilioni 1.5. Yatolewe magari milioni 20 kwa jumla, ziuzwe roboti milioni 1, teksi zisizo na dereva milioni 1 ziwe barabarani zinafanya kazi. Na hata akitimiza, hisa hazimfikii mkononi kabla ya miaka saba na nusu. Kwa hiyo ni kweli wamemfunga kamba, lakini ni kamba ndefu, na upande mmoja ameushika mwenyewe. Mwenyekiti wa bodi, Robyn Denholm, aliwaandikia wanahisa kabla ya kura akiwaonya kwamba wakikataa huenda wakampoteza. Zaidi ya asilimia 75 ya kura zikasema ndiyo. Nilipomsimulia nyanya yako akacheka: "Mgema huyo keshasifiwa. Nyinyi ngojeni tembo lenye maji."

Waliokataa ni pamoja na mfuko wa uwekezaji wa taifa la Norway, ambao ni miongoni mwa wanahisa wakubwa. Sababu zao nilizisoma taratibu. Walisema ujira ni mkubwa mno, hisa za wengine zitapunguka uzito, na hakuna kilichofanywa kupunguza hatari ya kampuni nzima kumtegemea mtu mmoja. Hiyo ya tatu naijua kwa macho yangu.

Unakumbuka nilikuwa naandika hesabu za yule tajiri wa mabasi? Wewe ulikuwa unakuja pale ofisini baada ya shule, unakalia magunia ya vipuri na kula mkate wa mayai. Mabasi 11, Mombasa hadi Malindi na Lamu. Watu wakiliona basi letu hawakusema jina lililoandikwa ubavuni, walisema "gari la fulani". Polisi walimjua yeye, muuza mafuta alimkopesha yeye, madereva walimwogopa yeye. Mimi nilikuwa na vitabu vya tiketi na risiti, lakini daftari la madeni lilikuwa kichwani mwake. Alipofariki, siku ya tatu baada ya matanga, mwanawe mkubwa alinijia akaniuliza nani tunamdai. Nikamwambia sijui. Tukabaki kuwauliza wadaiwa wenyewe, na unaweza kukisia wangapi walikumbuka. Mabasi yalikuwa yale yale, injini zile zile, barabara ile ile. Miaka miwili baadaye tulikuwa na mabasi manne.

Sasa tazama hiyo kampuni yako. Tarehe 5 Juni mwaka huu Musk alirushiana maneno na Rais Trump mitandaoni, mchana kweupe. Siku hiyo moja hisa zikaanguka asilimia 14, dola bilioni 150 hivi zikayeyuka. Hakuna kiwanda kilichoungua wala gari lililoharibika. Mwezi mmoja kabla, gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba bodi imewaendea mawakala wa kutafuta mkurugenzi mwingine; Denholm akakanusha haraka. Ndivyo watu wa soko wanavyoishi: mmoja akikohoa, wengine wanampima kifua. Na katika ule mpango mpya kuna kifungu kimoja kilichonifanya nitabasamu: mafungu mawili ya mwisho hayatoki mpaka Musk ashiriki kuandaa utaratibu wa kumpata mrithi wake. Yaani jambo ambalo mwenye mabasi 11 angepaswa kulifanya mapema, hawa wameliweka karibu na mwisho wa safari.

Nije kwenye mipango. Sisi tunasema ahadi ni deni. Kwenye soko la hisa la Marekani nimeona ahadi ikiwa mtaji. Mwaka 2019 Musk alisema mwaka unaofuata kutakuwa na zaidi ya teksi milioni 1 za kujiendesha. Zile za kwanza zilianza kubeba abiria Juni mwaka huu, hapo hapo kwenu Austin, chache. Lile lori dogo la chuma, Cybertruck, lilionyeshwa 2019 kwa bei ya kuanzia chini ya dola 40,000. Lilipowafikia wateja mwishoni mwa 2023 lilianzia karibu 61,000. Gari la mbio, Roadster mpya, lilionyeshwa 2017 kwamba litatoka 2020. Bado. Gari la bei nafuu la dola 25,000 walilitaja 2020. Aprili 2024 shirika la Reuters likaandika kwamba limeachwa, Musk akasema Reuters wanadanganya, na Oktoba mwaka huo huo akasema mwenyewe kwamba gari la namna hiyo la kawaida halina maana. Sasa wimbo ni roboti. Septemba aliandika kwamba asilimia 80 hivi ya thamani ya Tesla itatokana na roboti wao, Optimus.

Magari yenyewe, yale ya kuonekana, waliuza milioni 1.79 mwaka 2024, pungufu kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Toyota inauza zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, na bado soko linaipa Tesla thamani mara kadhaa ya Toyota. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei utakayolipa inalipia vitu ambavyo havijawa. Huenda vikawa. Mimi si mtabiri.

Ile video uliyonitumia ya ndani ya teksi nimeitazama hata simu ikaisha chaji. Usukani unajizungusha kama umepagawa, taa zinasomwa, gari linampisha mama mwenye kigari cha mtoto. Nilishangaa, sikufichi. Lakini nikamwona pia yule kijana wa kampuni aliyewekwa kulinda usalama, kaketi kiti cha mbele cha abiria, haongei, mkono wake haubanduki kwenye mlango. Wewe ulikuwa unaupigia picha usukani. Mimi nilikuwa namtazama yule kijana. Siku atakaposhuka garini, nipigie tuzungumze upya.

Usidhani nasema kampuni ni ya uongo. Waliouza hisa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 waliziuza dola 17. Hisa moja ya siku ile imegawanywa mara mbili, kwa tano kisha kwa tatu, kwa hiyo leo ni hisa 15, na kila moja ina bei ya zaidi ya dola 400. Piga hesabu mwenyewe. Aliyenunua akalala usingizi ameamka tajiri. Ila kati ya hapo, mwaka 2022, baada ya Musk kuuza hisa zake kwa mabilioni ili ainunue Twitter, bei iliporomoka karibu theluthi mbili kwa mwaka mmoja. Je, wewe ungelala? Wewe ambaye ukiwekwa foleni ya visa siku mbili unanipigia saa nane za usiku?

Mimi sikulala, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukutumia ujumbe. Mwaka 2008 mji mzima ulikuwa unanunua hisa za kampuni moja, hadi wachuuzi wa mahamri. Nilisimama foleni ya benki kuanzia alfajiri, nimejifunika leso kichwani kwa jua, na mkononi nina mkopo wa Sacco ambao babako hakuujua. Sikuuliza kampuni inapata faida kiasi gani. Niliuliza foleni inaishia wapi. Niliomba hisa nyingi nikapewa chache, pesa iliyobaki ikarudi baada ya wiki nyingi, na huku Sacco wananikata riba ya mkopo wote. Bei ikapanda kidogo, nikatangaza kwa jirani. Kisha ikashuka, ikashuka, na Januari ulipotakiwa karo ya kidato cha kwanza niliuza kwa hasara nikanunua sare na godoro. Wengine waliokuwa na subira, na wasio na karo, walikuja kupata. Kampuni haikunikosea kitu. Nilitia pesa yenye tarehe kwenye kitu kisicho na tarehe.

Na hizo dola zako 8,000 zina tarehe. Ulisema mwenyewe ni za paa la nyumba ya Mtwapa kabla ya masika. Tesla haijawahi kuwalipa wanahisa wake mgao wa faida hata senti. Ukihitaji pesa njia ni moja, uuze kwa bei utakayoikuta siku hiyo, na bei hiyo huenda imelala vibaya kwa sababu mtu fulani ameandika neno usiku wa manane.

Ukitaka kuwa na hisa za kampuni hiyo, nunua mbili. Ni kama dola 800, na hizo nakubali ziwe za kujifunzia. Zisizopungua 7,000 ziache zilipo. Na wenzako wa kazini, waulize swali moja tu: wangeuza au wangebaki kama wangeamka Jumatatu wakasikia Musk amejiuzulu? Sikiliza wanachukua muda gani kujibu.

Fundi amepima jana. Anasema mabati ya geji 30 yatatosha, mjomba wako anasema upepo wa Mtwapa unataka geji 28, na mimi nawatazama tu. Mbao zimepanda bei. Nijibu kabla ya Jumatano, kwa sababu lori la mwenye mbao linapita upande ule Alhamisi, na tukilikosa ni mpaka mwezi ujao.

Babako anakusalimu. Anasema ule mkopo wa 2008 aliujua siku ile ile.

Mimi mamako