Fox ya Detroit ina vinanda viwili, sio kimoja

Ndugu uliyeuliza jumba la sinema lilihitaji vinanda viwili vya mabomba kwa kazi gani: Fox ya Detroit, Marekani, ilifunguliwa Septemba 1928 ikiwa na viti zaidi ya 5,000. Umati kama huo hauingii kwa dakika moja. Kwa hiyo kinanda kidogo, kilichotengenezwa na kampuni ya Möller, kiliwekwa ukumbi wa kuingilia ili watu wanaosubiri onyesho wapate muziki.

Kile kikubwa ndani ni cha kampuni ya Wurlitzer, kina safu nne za vibao vya kupigia na seti 36 za mabomba. Mpigaji anaonekana, mabomba huyaoni, yamefichwa vyumbani nyuma ya nakshi za ukuta. Feni ya umeme inasukuma upepo. Ukibonyeza kibao, umeme unafungua vali na bomba linalia. Na humo ndani mna ngoma na matoazi ya kweli, yanapigwa kwa upepo huohuo! Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi nzima, ndiyo maana vilipendwa enzi za filamu bubu.

Kinachoniuma ni kwamba Fox ilifunguliwa na mitambo ya filamu za sauti tayari imo. Zama za vinanda zilikuwa zinakwisha, na majumba mengi baadaye yaliviuza vipande vipande. Hiki cha Detroit hakikuhama. Familia ya Ilitch, wafanyabiashara wa Detroit, ililinunua jumba, wakalikarabati, likafunguliwa upya Novemba 1988, na Wurlitzer bado iko palepale ilipofungwa mwanzo.