Familia za wahamiaji: zimefungwa, zimezuiwa au zinazuiliwa?

SWALI: Natafsiri habari za familia za wahamiaji wanaoshikwa Dilley, Texas. Niliandika "zimefungwa gerezani", mhariri akabadilisha kuwa "zimezuiwa kituoni". Naona neno lake linapunguza uzito wa jambo. Ipi sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, mhariri alikuwa na sababu ya kukurekebisha, ila neno alilochagua nalo halifai.

Kwenye habari za sheria, kufungwa gerezani hufuata hukumu. Mfungwa ametiwa hatiani na anajua anatumikia muda gani. Familia za Dilley zinashikiliwa chini ya sheria ya uhamiaji, na kwa Marekani kushikiliwa huko ni hatua ya kiraia, si kifungo cha jinai. Ukiandika "zimefungwa gerezani", unamvika mama na mwanawe hatia ambayo hakuna mahakama iliyowapa. Hata "mahabusu" silipendekezi hapa, maana humleta akilini mtuhumiwa wa jinai anayengoja kesi.

Sasa "zimezuiwa". Familia iliyozuiwa mpakani imekatazwa kupita, ikabaki ng'ambo. Iliyozuiliwa mpakani imeshikwa na kuwekwa mahali. Kisarufi maumbo yote mawili yaweza kuwa kauli ya kutendwa ya "zuia", lakini waandishi wa habari wameyatenganisha, na mimi naushikilia utenganisho huo kwa sababu unamwokoa msomaji na utata. Basi andika "familia zinazuiliwa Dilley". Ukitaka neno zito zaidi, lipo: "zimewekwa kizuizini". Tumelizoea kwa watu wanaoshikwa bila kuhukumiwa, na ndiyo hali yenyewe.

Uzito uliobaki uutafute kwenye habari. Kituo cha Dilley kilifunguliwa mwishoni mwa 2014 kikiwa na nafasi ya watu 2,400. Makubaliano ya Flores ya 1997, yaliyomaliza kesi kuhusu watoto wahamiaji walioshikiliwa na serikali ya Marekani, yanataka watoto waachiliwe bila kucheleweshwa pasipo sababu. Mwaka 2015 mahakama ikaamua kwamba yanawahusu pia watoto walioshikwa pamoja na wazazi wao, na hapo ndipo kikazoeleka kikomo cha takriban siku 20. Serikali ya Biden iliacha kuzuilia familia mwaka 2021, ya Trump ikarudisha utaratibu huo 2025. Mweleze msomaji mtoto ana umri gani na amezuiliwa siku ngapi. Akiona zimepita 20, ataelewa uzito bila kusaidiwa na neno "gereza".

Jihadhari pia na "makazi". Jina rasmi la kituo lilikiita makazi ya familia. Kulinukuu kama jina ni sawa, lakini katika sentensi yako mwenyewe usiite makazi mahali ambapo mzazi hawezi kumshika mwanawe mkono wakatoka. "Kituo cha kuzuilia familia" kinatosha.

La mwisho ni upatanisho wa kisarufi, maana nimeona pia "familia wanazuiliwa". Familia zinazuiliwa, wazazi na watoto ndio wanaozuiliwa.