Karakana, uwanja na sindano: maswali yenu ya mwezi huu

Barua zimejaa mezani, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtoto akishika randa, akikimbia uwanjani au akichanjwa, masomo "yenyewe" hayatalala? Nimefundisha ufundi miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo msitarajie nikae katikati.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ameanza kidato cha kwanza, shule imempanga mkondo wa amali, fani ya useremala. Jirani ananicheka, eti huko wanapelekwa waliofeli. Nimhamishe? (Mama, Chanika)

Marahaba, mama. Usimhamishe kwa sababu ya jirani. Ikibidi, mhamishe kwa sababu ya karakana.

Mtaala ulioanza kutumika 2024, unaofuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, umeigawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mtoto wa amali anajifunza fani, lakini Hisabati na Kiingereza hajaachana navyo. Njia ya mbele ipo: kutoka ufundi stadi anaweza kupanda hadi stashahada, ambayo ni ngazi ya 6 ya elimu ya ufundi, kisha shahada, ngazi ya 8. Ila mwambie asiilegeze Hisabati. Seremala asiyejua pembe anaharibu mbao za watu, na vyuo vya uhandisi havimpokei.

Tena jambo hili si geni. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari zetu zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Wa rika langu wanazikumbuka Ifunda, Moshi na Tanga. Aliyechaguliwa kwenda ufundi alitamba mtaa mzima. Kilichotuangusha baadaye si wazo. Mashine iliharibika, kipuri hakikuja, fundi mchundo akastaafu bila mrithi, na karakana ikageuka stoo ya madawati mabovu.

Basi nenda shuleni siku ya kazi, omba kuiona. Hesabu meza za kazi na jiriwa, vile vibano vya kushikilia mbao. Uliza randa moja wanagawana watoto wangapi. Kisha tazama sakafuni: kama hakuna maranda, hakuna kazi inayofanyika hapo, hata ukuta ungekuwa umepakwa rangi mpya. Ukikuta chaki na ubao tu, kusanya wazazi wenzako mwende kwenye bodi ya shule kabla mtoto hajafika kidato cha tatu.

Binti yangu anataka kujifunza kuchomelea vyuma. Hiyo ni kazi ya mwanamke kweli? (Baba, Mbagala)

Ndiyo. Ungeniuliza kuhusu macho yake ningefurahi zaidi. Miwani ya jua ya Kariakoo haizuii mwanga wa kuchomelea. Usiku atahisi kama kamwagiwa mchanga machoni. Anahitaji kinga ya uso yenye kioo cheusi maalumu, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika vidole. Nguo za nailoni azivae siku ya sherehe.

Mimi ni mwalimu wa michezo Gongo la Mboto. Vipindi vyangu vimepangwa saa sita mchana. Februari watoto wawili walianguka uwanjani, mkuu wangu anasema wanategea. (Mwalimu wa viungo)

Mwenzangu, mtoto anayetega huchagua kivuli; haangukii juani.

Februari ya Dar unaijua. Joto ni kali na hewa imejaa unyevunyevu, kwa hiyo jasho linatiririka tu bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Juu ya hapo, wengine wametoka nyumbani alfajiri kugombea daladala bila hata chai ya rangi. Ukimkimbiza mtoto huyo mizunguko mitano saa sita, umejitafutia kesi.

Pigania ratiba. Viungo viwe kipindi cha kwanza asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Hoja ya kumpelekea mkuu ni hii: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili, na halijasema popote kwamba ziwe za juani. Kuruka kamba chini ya mwembe kunahesabika. Rede nayo inahesabika, na wanaume waache kuidharau. Wakaicheze dakika kumi waone. Ratiba ikigoma kubadilika, siku za jua kali fundisha sheria za netiboli darasani, na maji yanywewe kabla ya kiu.

Akianguka, mpeleke kivulini, mlaze, inua miguu, legeza nguo. Akizinduka mpe maji kidogo kidogo. Lakini akiwa wa moto sana na anaongea ovyo, au hajitambui, usimtie kitu mdomoni. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na gari la hospitali liitwe wakati huohuo. Hiyo ni dharura, usingoje kengele.

Mwanangu ana selimundu (sikoseli). Nimwombee ruhusa asishiriki michezo kabisa? (Mama, Kinyerezi)

Asitengwe kabisa, lakini asishindanishwe. Kinachomletea maumivu mara nyingi ni kukaukiwa maji, kuchoka kupita kiasi na mwili kupatwa na baridi au joto kali. Mazoezi mepesi, chupa ya maji mkononi na haki ya kukaa chini bila kuomba ruhusa vinamtosha. Muulize daktari wa kliniki yake akuandikie kiwango anachoweza, kwa maandishi, umpe mwalimu wa darasa na wa michezo. Ukimweleza mmoja kwa mdomo getini, Jumatatu atakuwa amesahau.

Wamekuja kuchanja wasichana shuleni. Hapa Kigamboni wanasema inafunga kizazi. (Mlezi)

Haifungi. Inakinga dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Nchini kote ilianza 2018 kwa dozi mbili, walengwa wakiwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, walengwa wakiwa wa miaka 9 hadi 14. Wanaosambaza maneno hayo wapande pantoni, wakakae asubuhi moja kwenye mabenchi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road.

Nikiwa kwenye hedhi nicheze au nikae? (Kidato cha tatu, Tandika)

Ukijisikia, cheza, wengine maumivu hupungua wakichangamka. Yakikuzidi, kaa. Kama kila mwezi yanakulaza kitandani, hilo ni la kumwona daktari, usiambiwe uzoee. Kula maharage, dagaa na mchicha ukishushia chungwa, na chai isogeze mbali na chakula kwa sababu inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Mimi niliishia kidato cha pili. Nina miaka sita kwenye makochi hapa Keko, kazi naijua, cheti sina. Kuna shule ya mtu kama mimi? (Fundi)

Huhitaji kuanza upya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: wanakuhoji, wanakutazama ukifanya kazi, wanakuonyesha pengo lako, na ukifaulu unapata cheti. Nenda chuo chao cha Chang'ombe, si mbali na hapo ulipo, uulize tathmini inayofuata ya fani yako ni lini. Piga picha za makochi uliyotengeneza mwenyewe, na lile ambalo mteja alilirudisha pia. Utaulizwa kwa nini lililegea.