Klachi imeshika haiachii, nishushe gia boksi?

SWALI: Assalaam alaykum fundi, shikamoo. Mie niko Wete, gari ni Land Cruiser pikapu ya 1987 ya dizeli, tunabebea karafuu, msimu ukipita inakaa tu. Mwaka huu imelala chini ya mwembe masika yote hakuna alieigusa. Juzi nimefunga betri imewaka vizuri, lakini nikikanyaga klachi nitie gia inalia krrr haiingii, nikizima injini gia zote zinaingia. Nikitia gia kwanza halafu nikapiga stata gari inaruka mbele na klachi nimekanyaga mpaka chini. Pedeli haijalegea, ni nzito kama siku zote, na kikopo cha oili kimejaa. Fundi wa hapa kasema klachi imekwisha, tushushe gia boksi tununue klachi pleti, presha pleti na beringi, vyote vije na boti kutoka Unguja. Pesa ya karafuu yenyewe bado. Kweli imekwisha?

JIBU: Waalaykum salaam, marahaba. Usishushe kitu kwanza. Klachi iliyokwisha haifanyi hivo, inafanya kinyume chake, inateleza, unakanyaga mafuta injini inapiga kelele na gari haipandi, na kwa vilima vya huko Pemba na magunia nyuma ungelijua zamani. Yako wewe imeshika haitaki kuachia. Hayo maradhi mawili mbalimbali, na mtu akikwambia imekwisha bila ya kulala chini ya gari akatazama, mwambie kwa adabu asubiri.

Anza na oili, maana ndo rahisi na hakuna gharama. Injini izimwe, weka mawe kwenye magurudumu, ingia chini utazame ubavuni mwa gia boksi utaiona klachi silinda ya chini, ina kijiti cha chuma kinachosukuma ule mkono wa klachi unaotokeza nje. Mtu mwengine akanyage pedeli taratibu mpaka mwisho na wewe tazama kijiti. Kikitoka zaidi ya sentimita moja na mkono ukaenda nacho, basi oili inafanya kazi yake. Kikitoka kidogo tu ndo unatafuta sababu: funua kile kimpira cha vumbi cha silinda, kukiwa na majimaji ndani rabba imekufa. Shika na paipu ya mpira wakati pedeli inakanyagwa, ya zamani inavimba mkononi unaisikia kabisa, nguvu inaishia humo haifiki chini. Halafu rudi ndani unyanyue kapeti, tazama juu ya pedeli pale klachi masta, ile silinda ya juu inayosukumwa na pedeli, inapoingilia, pakiwa pamerowa au rangi imebabuka, ndo hapo. Na masta inaweza kufa bila kumwaga hata tone nje, unakanyaga pedeli unaishikilia, inaanza kuzama yenyewe polepole. Kikopo kuwa kimejaa hakikwambii kitu hapo.

Lakini pedeli nzito kama zamani, gari imelala masika nzima, na ikipigwa stata inaruka, mie nahisi klachi pleti imeganda kwa kutu. Pale ndani pleti imebanwa baina ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na presha pleti inayoikandamiza, vyote viwili chuma, na hewa yetu hii ya chumvi na unyevu wa miezi mitatu inaingia mpaka humo, kutu inaishika ile pleti kama ukoko na sufuria. Unakanyaga klachi, presha pleti inarudi nyuma kweli, lakini pleti imebaki kwenye flaiwili inazunguka na injini.

Hiyo mara nyingi inabanduka bila ya kufungua chochote. Washa injini kwenye nyutro uiwache ipate moto barabara, halafu izime. Peleka gari uwanjani, kiwanja cha mpira kikiwa kitupu bila watoto ni kizuri, wasukume watu wala usijaribu barabarani. Jaribu kwanza breki na uhakikishe ukizima funguo injini inazima kweli, hizi dizeli za zamani nyengine zina ubishi. Weka fowili kwenye loo, zile gia za nguvu za kwenda polepole, tia gia ya kwanza, kanyaga klachi mpaka chini uishikilie na piga stata, gari itaondoka taratibu kwa sababu ya loo, haitoruka sana. Sasa endesha na klachi bado umeikanyaga, tia mafuta ghafla, wacha ghafla, gusa breki, tia tena. Ikibanduka utaisikia, inapiga kishindo kimoja na injini inakuwa huru wakati gari inasimama. Ikikataa, kamata kipande cha mti uibane pedeli ikae chini usiku kucha, mti ukigotea kwenye kiti, na kesho urudie. Stata usiinyonge, ukipiga mara mbili tatu iache ipoe.

Ikishabanduka itakuwa inatetemeka kidogo unapoondoka, siku chache kutu inajisafisha yenyewe. Ikirudi kushika tena na gari inatembea kila siku, hapo mpe haki fundi wako, gia boksi ishuke, kwa sababu huenda oili ya injini au ya gia inavuja na kuilowesha pleti, au ile beringi ndogo katikati ya flaiwili imekwama na inaizungusha shafti ya gia. Simama hapohapo ukiwa umeshafungua, maana nishaona pleti mpya imefungwa upande sio, na hiyo haiachii hata uikanyage na miguu miwili.

Na oili, kikoponi inaingia ya breki tu, DOT 3 au DOT 4, iwe kwenye chupa iliyofungwa na sili. Inanyonya unyevu, chupa iliyokaa wazi dukani usiichukue hata kwa bei ya bure. Mtu asije akakutilia ya injini au ya stering, rabba zote zitavimba na hapo ndo utanunua kila kitu kuanzia juu mpaka chini.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli huku Makunduchi, nina Suzuki ndogo ya fowili. Leo asubuhi pedeli ya klachi imeanguka chini hairudi, oili sioni kikopo chake pahala popote. Nifanye nini?

JIBU: Kikopo huna mwalimu wangu, hizo Suzuki nyingi za zamani klachi yake ni ya waya. Fungua boneti uufuate waya kutoka ukutani mwa injini mpaka kwenye mkono wa gia boksi, aidha umekatika au umechomoka kwenye ndoano ya pedeli. Ukiwa umechomoka unaurudisha kwa mkono. Ukiwa umekatika nunua wa modeli hiyohiyo, nenda na ule wa zamani dukani muulinganishe urefu, na fundi akiufunga aache pedeli iwe na mchezo kidogo juu kabla ya kuanza kuvuta, akiukaza mno beringi itakufa mapema na klachi itaanza kuteleza.