Maswali ya Wasomaji: Tangi la Maji ya Bahari Mbali na Bahari

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kufuga samaki wa baharini sebuleni kwa fedha kidogo. Inawezekana. Lakini huku bara gharama kubwa haiko kwenye kioo wala kwenye samaki, iko kwenye maji. Ndiyo maana majibu yetu mengi yanarudi hapo.

Shikamooni. Chumvi ya hapa kwetu ni nyingi na bei yake ni nafuu. Nikiikoroga kwenye maji safi kwa kipimo sahihi, si nitapata maji ya bahari? (Msomaji, Uvinza)

Marahaba. Hapana, hutapata, na tunakuomba usijaribu ukiwa na samaki hai mkononi. Chumvi ya Uvinza ni nzuri jikoni kwa sababu karibu yote ni sodiamu kloridi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, ila ndani ya hizo mna vitu vingi. Chukua ndoo ya lita 10 ya maji ya bahari: ina kama gramu 13 za magnesiamu, gramu 4 za kalsiamu, gramu 4 za potasiamu na gramu 27 za salfeti. Ina pia bikaboneti, ambayo huyazuia maji yasielekee kwenye asidi. Samaki wa baharini hunywa maji anamoishi, na mwili wake umezoea mchanganyiko huo wote. Ukimtia kwenye sodiamu kloridi tupu, kipimo kitasoma sawasawa na samaki atakufa vilevile.

Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya baharini. Kwa kuwa haiwi kavu kabisa, pima gramu 38 kwa lita. Tangi la lita 50 linataka kilo 1.9 mara ya kwanza. Ukibadilisha lita 5 kila wiki utatumia gramu 190 kwa wiki, yaani karibu kilo 10 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza, basi, weka bajeti ya kilo 12, na uinunue yote mapema ikiwa inatoka Dar es Salaam. Chumvi ikiisha katikati ya mwezi, mfugaji huacha kubadilisha maji, na hapo ndipo matangi mengi madogo huharibika. Wapo wanaowaza kusafirisha maji yenyewe ya bahari kwa madumu. Piga hesabu kwanza: lita 50 zina uzito wa kilo 51, na chumvi ya kutosha lita hizohizo haifiki kilo mbili.

Chumvi yako ya Uvinza ina kazi moja nzuri hapa. Rifraktomita, yaani vifaa vya kupima chumvi ya maji kwa mwanga, za bei ndogo hupotoka, na kuzipima kwa maji matupu hakutoshi. Kausha chumvi hiyo kwenye kikaango mpaka isishikane, iache ipoe, kisha yeyusha gramu 36.5 kwenye gramu 963.5 za maji yasiyo na madini. Mchanganyiko huo hupindisha mwanga sawa na maji ya bahari ya gramu 35. Tia tone moja kwenye kioo cha rifraktomita, zungusha skrubu hadi isome 35, basi. Uhifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri na urudie kila mwezi.

Ziwa liko hatua chache kutoka nyumbani. Maji ya Tanganyika ni safi kiasi cha kuona mawe chini. Kwa nini nihangaike na maji mengine? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

Usafi wa kuonekana kwa macho haumaanishi kwamba maji hayana kitu ndani yake. Maji ya Ziwa Tanganyika yana kaboneti nyingi. Uwezo wake wa kuzimua asidi ni karibu mara tatu ya ule wa maji ya bahari. Ukiyatia chumvi ya akwariamu, ambayo tayari ina kaboneti na kalsiamu yake, viwili hivyo vinashikana na kugeuka chokaa. Utaona maji yamekuwa kama yametiwa maziwa, kisha ukoko mweupe kwenye hita na ndani ya pampu. Kibaya zaidi ni kuyatumia kujazia maji yaliyopungua, kwa sababu kila jagi linaongeza kaboneti ambayo haitoki.

Maji bora kwa mtu wa bajeti ndogo ni ya mvua. Masika ya Kigoma ni marefu, hivyo madumu sita ya lita 20 yakijazwa vizuri yanakuvusha muda mrefu. Ila usikinge kwenye mabati: zinki inayoyeyuka kutoka kwenye bati huua kamba na konokono wa baharini, na haiwaachi salama hata samaki. Tandaza turubai safi la plastiki uwanjani baada ya mvua kunyesha kama nusu saa na kuosha vumbi na moshi hewani, kisha elekeza maji kwenye ndoo ya plastiki. Tangi la saruji halifai kuhifadhia. Mvua zikikatika, tumia maji ya kuchujwa kwa mtambo yanayouzwa kwa madumu. Ukilazimika kutumia maji ya bomba, yapulizie hewa kwa pampu saa 24 klorini itoke, na kubali kwamba mwani utakuwa mwingi zaidi.

Maji yanapopungua tangini, yanayoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Jazia kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila siku, hadi kwenye alama uliyobandika kwa utepe. Tangi la ukubwa huu hupoteza nusu lita hadi lita moja kwa siku wakati wa kiangazi. Ukikaa siku tatu bila kujazia, maji ya gramu 35 yanakuwa ya gramu 37. Ukijazia kwa maji ya chumvi, unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Fundi wa madirisha hapa Ujiji amekubali kunitengenezea tangi. Nimpe vipimo gani, na vifaa gani siwezi kuvikwepa?

Mpe kioo cha milimita 6. Kipande cha chini sm 60 kwa 30. Vya mbele na nyuma, viwili, sm 60 kwa 35. Vya ubavuni, viwili, sm 28.6 kwa 35. Sisitiza hiyo 28.6. Vipande vya ubavuni huingia katikati ya kile cha mbele na cha nyuma, na milimita zinazobaki ni nafasi ya silikoni. Fundi akivikata sm 30 kamili, tangi halifungi.

Silikoni iwe ya kuunganishia vioo, ile inayonuka siki inapokauka. Ile ya bafuni inayozuia kuvu ina sumu, usiikubali hata ukiuziwa nusu bei. Kingo zifutwe kwa spiriti kabla ya kuunganishwa. Acha siku 7 ikauke, jaza maji ya kawaida, uliache nje siku mbili juu ya gazeti kavu. Gazeti likilowa, kata silikoni yote ya kona hiyo na urudie. Kupaka nyingine juu ya ya zamani hakushiki.

Tangi hili likijazwa hadi sm 3 kutoka ukingoni linabeba lita 54, na mawe na mchanga vikiingia maji yanabaki kama lita 48. Kwa jumla ni karibu kilo 80, kwa hiyo meza ya plastiki haifai. Weka chini yake povu jeupe la kufungia televisheni, unene wa sm 1, ili chembe ya mchanga isipasue kioo.

Vifaa ni vichache: pampu ya hewa na sponji la kuchujia, pampu ndogo ya kuzungusha maji ya lita 500 kwa saa, kipimajoto, rifraktomita, vipimo vya amonia na nitriti, na mizani ya jikoni. Taa ya LED ya wati 10 inatosha samaki. Skima ya protini, kifaa cha kutoa uchafu majini kwa povu, iache. Kwa samaki wawili wadogo, lita 5 za maji mapya kila wiki zinafanya kazi yake. Usibane fedha kwenye rifraktomita na vipimo. Na nyaya zote zining'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Mawe: tafuta matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu huko pwani kwa ujenzi, kama kilo 6. Yadondoshee siki, yakitoa povu, ni ya chokaa na yanafaa. Yaloweke wiki mbili ukibadilisha maji. Mawe hai yaliyovunjwa kwenye miamba baharini usiyanunue. Ni kosa kisheria, na anayeyavunja anabomoa mazalia ya samaki ambayo wavuvi wa pwani wanayategemea.

Nimefuata kipimo cha chumvi, maji yanang'aa, lakini samaki wanne niliowaweka siku ileile wote wamekufa ndani ya siku tano. Nimekosea wapi? (Msomaji, Ipuli, Tabora)

Pole sana. Umekosea kwenye neno "siku ileile". Samaki hutoa amonia, na tangi jipya halina bakteria wa kuibadilisha kuwa nitriti, kisha nitrati. Kwenye maji ya bahari hatari ni kubwa kuliko kwenye maji baridi, kwa kuwa pH yake, yaani kipimo cha asidi (ikishuka, asidi imezidi), ni karibu 8.2: hapo sehemu ya amonia iliyo sumu huzidi mara 10 ile ya maji yenye pH 7.

Anza upya hivi. Jaza maji ya chumvi, washa pampu, weka joto nyuzi 26. Osha dagaa wawili wakavu mchanga utoke, wafunge kwenye kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, watumbukize. Siku chache baadaye amonia itapanda, watoe. Wiki ya pili au ya tatu nitriti itapanda. Vyote viwili vikisoma sifuri, kwa kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 6, badilisha nusu ya maji na uweke samaki mmoja. Wa pili baada ya wiki tatu. Wanne katika lita 48 ni wengi mno hata tangi likikomaa. Sponji kutoka tangi la maji baridi halikusaidii. Chumvi huwaua wengi wa bakteria wake. Ukungu wa kahawia utakaofunika mchanga mwanzoni hauna neno, utapita wenyewe.

Samaki anapofika na mfuko kutoka Dar es Salaam, usimkalishe saa nyingi akidondoshewa maji ya tangi kidogo kidogo ili ayazoee. Ndani ya mfuko pH imeshuka, na hilo ndilo lililomkinga na amonia yake mwenyewe. Ukifungua, pH inapanda na sumu inaamka. Muulize muuzaji mapema maji yake ni ya gramu ngapi za chumvi kwa lita, ulinganishe tangi lako kabla. Acha mfuko uelee tangini dakika 20 ukiwa umefungwa, fungua, mtoe kwa wavu, maji ya mfuko yamwage.

Umeme ukikatika usiku? (Msomaji, Tabora mjini)

Hewa ndiyo ya kwanza kuisha. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na maji baridi, na kwa mwinuko wa Tabora, kama mita 1,200, inapungua tena kwa asilimia 13 hivi. Pampu ya hewa ya USB ya wati 2 kwenye pawa benki ya mAh 10,000 hufanya kazi karibu saa 12. Usilishe mpaka umeme urudi. Kama huna pampu hiyo, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Baridi ya Juni na Julai inataka hita ya wati 50. Joto la Oktoba linataka feni ndogo juu ya maji, na kujazia zaidi.

Samaki wangu ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Nimtie dawa ya shaba? (Msomaji, Gungu, Kigoma)

Si ndani ya tangi. Shaba huua konokono na kamba, na mawe ya chokaa huinyonya. Mdudu huyu, Cryptocaryon irritans, hudondoka kutoka kwa samaki, hujifunika chini, kisha vizazi vyake huibuka kutafuta samaki tena. Njia ya bei ndogo ni kumkimbia. Mweke samaki kwenye ndoo ya lita 15 yenye maji mapya ya chumvi na pampu ya hewa. Mhamishe kwenda ndoo nyingine siku ya 4, ya 7, ya 10 na ya 13, bila kupitisha saa 72 hata mara moja, na bila kubeba maji ya zamani. Ndoo, wavu na jiwe la hewa (lile la mwisho wa mpira wa pampu, linalotoa viputo) uvioshe na kuvikausha kabisa juani kila mara. Utatumia kama kilo 2.9 za chumvi. Tangi kubwa likae bila samaki siku 76, pampu ikiwaka. Ukimrudisha mapema, kazi yote imepotea.

Naweza kuchanganya samaki wa ziwani na wa baharini? (Msomaji, Kibirizi)

Huwezi. Wa ziwani atakauka mwilini kwa chumvi. Lakini kama bajeti bado haifiki kilo 12 za chumvi, tangi hilohilo la sm 60 linafaa samaki wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono: mchanga wa ziwa sm 5, makombe kama 20, sponji lilelile, na maji ya ziwa bila kuongeza kitu.