Shule za umma Marekani: hela nyingi haitoki Washington

Mdau mmoja ameuliza: ana dada yake Ohio mwenye watoto watatu, na tangu Trump asaini ile amri ya Machi 2025 ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu, nyumbani wana hofu kwamba shule za umma zitafungwa. Mkuu, naishi Ohio na wanangu wanasoma hizo hizo shule, ngoja nikueleze.

Hazifungwi, kwa sababu Washington siyo inayozilisha. Kwa wastani wa nchi nzima, kila dola 10 za shule za umma, serikali kuu inatoa kama dola moja tu. Zilizobaki jimbo na wenyeji wanagawana, karibu nusu kwa nusu. Sisi tuliozoea hela ya shule kushuka kutoka Hazina tunachelewa kulielewa hili.

Hiyo dola moja nayo ina wenyewe. Kuna fungu la Title I la tangu 1965, la shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Kuna la watoto wenye ulemavu, la 1975, ambalo serikali kuu iliahidi kuchangia hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada na haijawahi kufika huko. Kuna la wanaojifunza Kiingereza, na kama wanawe wamo, hapo dada yako awe macho. Chakula cha mchana kiko Wizara ya Kilimo.

Mziki wenyewe uko kwenye kodi ya nyumba, siyo pango, ile ya jengo anayotozwa mwenye nyumba. Hapa nyumba ya dola 200,000, kodi inapigwa juu ya asilimia 35 tu ya thamani yake, yaani juu ya dola 70,000. Kiwango kinapimwa kwa mili: mili moja ni dola 1 kwa kila 1,000, kwa hiyo wilaya ya shule ikiomba levi, yaani nyongeza ya kodi hiyo, ya mili 5, unaongeza dola 350 kwa mwaka. Na levi lazima ipigiwe kura! Watu hudhani bei za nyumba zikipanda shule inatajirika. Wapi! Sheria ya Ohio ya 1976 inashusha kiwango ili levi ya zamani iendelee kuleta karibu kiasi kile kile. Mishahara, bima na mafuta ya basi havijui sheria hiyo, ndiyo maana wilaya inarudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka michache.

Kwetu levi ilikataliwa. Kilichofuata: ada za michezo zikapanda, mabasi ya sekondari yakaondolewa. Sheria ya jimbo inalazimisha basi kwa wa darasa la nane kushuka chini wanaokaa zaidi ya maili 2. Wakubwa ni hiari ya wilaya. Mkubwa wangu alikuwa darasa la 10, tukapangiana zamu za kuwapeleka na familia moja ya Wakongo. Mimi wakati huo nina grinikadi: kodi nalipa, kura sina. Wazee wa mtaani wanaoishi kwa pensheni walipiga hapana, na kwa kodi ile siwalaumu sana.

Usiniulize kwa nini Mahakama Kuu ya nchi hairekebishi. Mwaka 1973, kwenye kesi ya wazazi wa San Antonio, Texas, majaji 5 kwa 4 walisema Katiba ya Marekani haizuii tofauti za hela kati ya wilaya tajiri na maskini. Mapambano yakahamia majimboni. Mahakama Kuu ya Ohio ilitamka 1997 kwamba mfumo unaotegemea mno kodi ya nyumba unavunja katiba ya jimbo. Levi bado tunapigia kura.

Dada yako akiwa mpangaji asidhani hayumo, kodi hiyo imo ndani ya pango lake. Kuhusu vibali vya kuishi nchini asiogope kuandikisha watoto, hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi ya 1982 inawalinda hata wasio navyo. Na ile fomu ya kipato inayoletwa mwanzo wa mwaka, aijaze hata kama shule inalisha watoto wote bure: wilaya nyingi zinaitumia kuhesabu watoto wa kipato cha chini, na hesabu hiyo ndiyo inayoombewa hela nyingine.