Mama amepooza, kaka zangu wanataka shamba liuzwe

SWALI: Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia, na kusema hawezi. Ninamuuguza peke yangu hapa Urambo. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, hutuma pesa akipata. Wa pili yuko Tabora mjini na haji. Sasa wanasema ninakula pesa za mama, na shamba la tumbaku liuzwe tugawane. Nifanyeje?
Msomaji, Urambo

JIBU: Pole sana dada yangu, kwa kuuguza na kwa maneno uliyoambiwa.

Katika vikao vya familia ninavyosuluhisha nikiwa afisa ustawi wa jamii, ugomvi huanzia kwenye pesa kwa sababu pesa ina meseji ya muamala. Kazi yako haina. Kwa hiyo kabla ya kikao, chukua daftari, kwa wiki moja andika kila unachofanya na saa yake: kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia, kumlisha taratibu akiwa ameketi asipaliwe, kumwogesha, kufua, kumnyoosha viungo. Ukurasa mwingine andika pesa iliyoingia na iliyotoka. Usifiche kitu. Kama ulinunua unga mkala wote wawili, andika hivyo. Anayeuguza naye hula.

Kikao kiongozwe na mjomba au shangazi asiyedai chochote. Aliyeko Dar awe kwenye simu. Soma daftari, kisha mgawane kazi pamoja na pesa: wa Tabora mjini aje wikiendi moja katika kila mbili ili ulale, wa Dar amlipe msaidizi. Andikeni muhtasari, kila mmoja asaini.

Na mama awepo kikaoni. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona wazee wakijadiliwa sebuleni wao wamelazwa chumbani, wanasikia kila neno. Upande wa kulia ukipooza, ubongo ulioumia ni wa kushoto, na kwa watu wengi ndiko uliko uwezo wa kusema. Asiyeweza kusema si lazima awe haelewi. Muulizeni swali fupi, moja moja, abane mkono wako kwa mkono wa kushoto akikubali. Wagonjwa hawa wakati mwingine huchanganya ndiyo na hapana, kwa hiyo swali lile lile ligeuzwe: “Shamba liuzwe?” halafu, “Shamba libaki?” Majibu yakipingana, pumzikeni, mjaribu asubuhi akiwa na nguvu.

Kuhusu shamba: kama ni la mama, nyie hamna cha kugawana. Mirathi ya mtu aliye hai haipo. Kama liko kwenye ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji nayo huhusika na uhamisho wake, hivyo mjulishe mwenyekiti sasa, kabla mnunuzi hajaletwa. Mama akiridhia, likodisheni kwa msimu. Kodi imlipe msaidizi.

Kaka wakikataa kukaa, nenda na daftari lako ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ya wilaya. Tutawaita sisi, na hulipi kitu. Hapo hapo ulizia msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi. Wakianza kutafuta mnunuzi kwa siri, mtafute msaidizi wa kisheria; chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huduma yake kwa asiye na uwezo ni bure.